Mikate ya Tarehe Ishirini na Nne

Kasoki Euphrasie alifika Stanleyville mwaka 1959, akitokea upande wa Lubero, kumfuata mume aliyekuwa amemtangulia kwa miezi minane. Mume huyo, Paluku Lambert, alikuwa mwokaji wa mikate kwa Mgiriki mmoja katikati ya mji. Walipata nyumba ya vyumba viwili katika komini ya Tshopo, ndani ya parsele yenye nyumba tatu na kisima kimoja. Mwaka 1961 walizaa msichana. Nyumbani walimwita Masika, kanisani akabatizwa Colette, na jina la kanisani ndilo lililomshika.

Lambert hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoka alfajiri kwa baiskeli na kurudi saa tano, nywele zimeingia unga, akiwa na mikate miwili ndani ya mfuko wa karatasi: mmoja wa nyumbani, mwingine wa majirani, leo hawa, kesho wale. Hakueleza kwa nini alifanya hivyo, wala hakuna aliyemuuliza.

Tarehe 24 Novemba 1964 aliondoka kama siku zote. Waasi walikuwa wameushika mji tangu mwezi wa nane, lakini watu waliendelea kula mkate, kwa hiyo tanuri liliendelea kuwaka. Saa kumi na mbili asubuhi ndege zilipita chini kabisa, juu ya mapaa, zikaangusha askari kwa miavuli upande wa uwanja wa ndege. Kasoki alimfunga mtoto mgongoni, akakaa na majirani nyuma ya ukuta wa jiko. Risasi zililia siku ile na siku zilizofuata. Waliopiga walikuwa askari wa kigeni, waasi waliokuwa wakikimbia, askari wa serikali, kisha watu wenye visasi vyao.

Siku ya nne alikwenda mpaka kwenye tanuri. Mlango ulikuwa wazi na moto umezimika. Unga uliokandwa ulikuwa umeumuka, ukamwagika nje ya bakuli kubwa la mbao, ukakauka sakafuni. Hakuikuta baiskeli, wala hakumkuta Lambert.

Alimtafuta hospitalini, gerezani, na kwa mapadri waliobaki. Alitazama maiti wengi, na hakuna aliyekuwa wake. Bila maiti hakuna matanga, na kwa hiyo hakukaa matanga. Kaka zake waliandika barua kutoka Lubero wakimtaka arudi nyumbani. Aliwajibu kwamba Lambert akirudi, atamtafuta Tshopo, hatamtafuta Lubero. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya mjini, akabaki hapo.

Tarehe ile ile, mwaka mmoja baada ya zile ndege, jeshi lilitwaa madaraka kule Leopoldville, mji mkuu. Kuanzia mwaka 1966, ambao pia ndio mwaka Stanleyville ilipoanza kuitwa Kisangani, tarehe 24 Novemba ikawa sikukuu ya taifa. Wafanyakazi wote wa serikali walitakiwa kuandamana. Kasoki alikuwa mfanyakazi wa serikali. Aliandamana mwaka ule wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Alipanga mstari na wenzake wa hospitali kwenye barabara kubwa ya Makiso, katikati ya mji, akaimba nyimbo walizofundishwa, akapita mbele ya jukwaa la wakubwa, akarudi nyumbani kwa miguu. Akifika alivua viatu na kuketi kitandani mpaka jua lizame. Hakulia. Alisema baadaye kwamba hakujua la kufanya na siku yenyewe.

Mwaka 1970 Colette alikuwa na miaka tisa. Wanafunzi nao walikuwa wameandamana, na alirudi akiimba wimbo wa sikukuu. Akamkuta mama yake ameketi palepale kitandani.

“Mama, papa alikufa siku gani?”

“Hakuna mutu aliniambia kama alikufa.”

“Alors, alipotea siku gani?”

“Leo.”

“Leo, siku ya fête?”

“Leo.”

Mtoto alifikiri kidogo. “Sasa siye tunafanya nini?”

Kasoki alimtazama mwanawe aliyesimama na sare ya shule na soksi zilizojaa vumbi. Mwishowe aliinuka, akavaa viatu tena, akaenda dukani kutafuta unga wa ngano na kopo dogo la chachu.

Alikuwa ameishi miaka mitano na mwokaji, na hajawahi kuoka mkate hata mmoja. Alikanda kwa kukumbuka mikono ya Lambert. Alitafuta nusu ya pipa la mafuta, akaliweka juu ya mawe, akalifunika kwa bati, akapanga makaa chini na juu. Mikate minne ilitoka saa kumi jioni. Chini iliungua, juu ilikuwa nyeupe kama uso wa mgonjwa, na katikati ilikuwa mizito. Colette alimega kipande, akatafuna muda mrefu.

“Iko muzuri,” alisema kwa adabu.

Kasoki alichukua mkate mmoja, akavuka uwanja kwenda nyumba ya pili. Humo alikaa Juma, fundi cherehani aliyetoka Kasongo katika Maniema, pamoja na mkewe Mwamini. Mwamini aliutazama mkate, akamtazama jirani yake.

“Mama Colette, tunafunga.”

Kasoki alikuwa amesahau kabisa. Ilikuwa Ramadhani, zimebaki siku chache tu. Aliomba radhi, akageuka aondoke na mkate wake.

“Uache hapa,” Mwamini alisema. “Ikala chini. Tungoje jua liingie, tutakula pamoja.”

Basi wakangoja. Juma alisimamisha cherehani barazani. Colette aliletwa, pamoja na mikate mitatu iliyobaki. Walikuwa majirani wa salamu na wa kisima. Kila siku walionana, na hawajawahi kukaa hivi. Ni Colette aliyeanza kuongea. Alisema, kama anayeeleza jambo la kawaida, “Huu ni mukate ya papa. Alipotea leo.”

Juma aliacha kukunja kitambaa. Mwamini alingoja adhana ya magharibi isikike kutoka msikitini, akanywa maji kwanza, ndipo akasema: “Miye pia, ndugu yangu Saidi. Mutoto wa mama yangu. Hakuwa muasi, hakuwa askari. Alikuwa anauza chumvi. Ile siku ya ndege.”

“Miaka sita imepita, tuko parsele moja,” Kasoki alisema. “Hukuniambia.”

“Na weye hukuniambia.”

Wakala ule mkate mgumu pamoja na uji wa Mwamini. Juma aliuchovya ndani ya uji kila mara, ndiyo njia pekee ya kuumeza, akasema kwa mzaha kwamba mke wake asipoangalia, yeye Juma atazoea vitamu.

Mwaka uliofuata Ramadhani ilikuwa imekwisha siku kadhaa kabla, lakini wao walingoja jua lizame hivyohivyo. Mama Germaine wa nyumba ya tatu, aliyeuza samaki bandarini, alileta liboke kubwa la samaki ndani ya majani, akasema ana baba mkubwa aliyekufa katika siku zile, na kwamba angependa kukaa nao, kama inaruhusiwa. Hakuna aliyejua nani wa kuruhusu. Aliketi, akala. Mwaka 1972 walikuja watu wa parsele mbili za jirani. Hapakuwa na sala wala hotuba. Watu walileta chakula, walingoja jua, walikula. Katikati ya maongezi mtu alimtaja fulani, jinsi alivyopenda pondu, yale majani ya muhogo, yenye pilipili, jinsi alivyokuwa mvivu, na wengine walicheka.

Mwaka ule wa 1972 ndio uliokuwa na shida. Nchi ilikuwa imeshaitwa Zaire, na majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa. Kwenye orodha ya kazi Euphrasie aliitwa Citoyenne Kasoki tu, yaani Mwananchi Kasoki, na shuleni Colette alirudi kuwa Masika. Kiongozi wa chama tawala katika mtaa, aliyejulikana miaka yote kwa jina la Édouard, sasa alikuwa Citoyen Lifoko, na alisahihisha kila aliyekosea. Jioni ya tarehe 24 aliingia katika parsele akiwa amevaa koti lake la abacost lililofungwa mpaka shingoni. Watu kama thelathini walikuwa wameketi kwenye mikeka na viti vya kuazima.

“Citoyens, huu ni mukutano gani?” aliuliza. “Nani alitoa ruhusa?”

Mwanamke mmoja alianza kukusanya sahani zake. Wote walijua kwamba mkutano usio na ruhusa ya chama ungeweza kumpeleka mtu mahali asipopenda. Kasoki alisimama. Aliyejibu ni Juma, naye alijibu bila kuinuka.

“Tunafanya fête ya tarehe ishirini na ine, Citoyen. Haiko siku ya fête leo?”

Lifoko hakutarajia jibu hilo. Alitazama mikeka, sufuria, pipa linalofuka moshi. “Fête ya chama inafanyika Makiso,” alisema.

“Tulienda Makiso asubuhi,” Kasoki alisema. “Miye nilikuwa musitari wa tatu wa hospitali. Uangalie kwenye orodha. Saa hii tuko kwetu.”

“Na bendera iko wapi?”

Hapakuwa na bendera. Lifoko alitoka. Watu waliamini amekwenda kuita askari, na nusu yao wakaondoka. Baada ya robo saa alirudi peke yake, amebeba bendera ya kijani ya chama kwenye fimbo. Aliichomeka mwenyewe kando ya kisima, akaitazama kama imenyooka, kisha akaketi.

“Bon. Sasa iko na ruhusa,” alisema. “Ule mukate iko wa nani?”

Alikula vipande vitatu. Kuhusu siku zile za mwaka 1964 hakusema lolote, wala hakuna aliyemuuliza. Lakini mwaka uliofuata alikuja na mkewe, na mwaka uliofuata tena akaja na mama yake mzee. Mama huyo alishika kipande cha mkate mkononi jioni nzima bila kukila, akaondoka nacho. Kila mwaka bendera ililetwa na kurudishwa. Walizoea kuiona hapo, na watoto waliitumia kujua mahali ambapo kivuli cha kisima kilipaswa kufika jua likikaribia kuzama.

Mikate ya Kasoki, hata hivyo, iliendelea kuwa mibaya. Kwa miaka saba alijaribu unga mwingine, makaa mengine, pipa jingine. Watu waliila kwa sababu walimheshimu. Mwamini peke yake ndiye aliyemwambia ukweli, naye alisema mara moja tu.

Mama Germaine alinunua samaki kwa wachuuzi waliopanda mto kwa pirogi na kwa meli kutoka Barumbu, mwendo wa siku kadhaa chini ya mto. Alikuwa mtu wa maongezi. Katika mauzo ya mwezi wa kumi 1977 alimwambia mchuuzi mmoja kwamba tarehe 24 ya mwezi ujao hatakuwa bandarini, kwa kuwa jirani yake anaoka mikate kwa ajili ya mume wake, mwokaji aliyepotea siku ya ndege. Mchuuzi huyo alirudi Barumbu akasimulia, maana ilikuwa habari isiyo ya kawaida, mtu kuokewa mikate.

Tarehe 23 Novemba, saa tisa mchana, mwanamume wa miaka kama hamsini alisimama kwenye lango la parsele. Alikuwa na furushi la samaki waliokaushwa na kofia mkononi. Kasoki alikuwa anafua.

“Hapa ni kwa mama Paluku?”

Tangu Lambert apotee, hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina hilo. Alifuta mikono kwenye kitenge.

“Ni hapa.”

“Miye naitwa Hubert. Nilikuwa nafanya kazi na Lambert kwa ule Mgiriki.”

Kasoki alimpa kiti, akamtuma Colette akamwite Mwamini, kwa kuwa hakutaka kusikia peke yake. Colette alikuwa na miaka kumi na sita; alirudi na Mwamini, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake. Hubert aliongea akiangalia kofia yake.

Ndege zilipopita, alisema, mikate ilikuwa imeshaingia tanurini. Mgiriki hakuwa amefika. Wao wawili walitoka mbio kwa mlango wa nyuma, Lambert akiisukuma baiskeli yake. Walipofika kwenye kona, Lambert alisimama. Alisema mikate itaungua. Hubert alimwambia aachane nayo. Lambert alisema itachukua dakika tano tu, na kwamba siku ile zamu ya mkate ilikuwa ya watu wa Kasongo, nao wana mgonjwa. Akamwachia Hubert baiskeli, akarudi.

Mwamini alijifunika mdomo. Juma alikuwa na homa wiki ile, alikumbuka.

“Nilingoja,” Hubert alisema. “Nilimuona anatoka na mufuko. Alikuwa katikati ya barabara. Risasi moja.”

“Ya nani?” Kasoki aliuliza.

“Sijui, mama. Ile siku walikuwa wanapiga kutoka kila pande. Sikuona mutu. Niliona yeye tu anaanguka.”

“Kisha?”

“Kisha nilikimbia.” Aligeuza kofia mkononi. “Nilirudi jioni na wanaume wawili. Tulimuzika nyuma ya ukuta, karibu na mufereji. Kisha nilivuka mto, nikashuka mpaka Barumbu. Nilijua nyumba yenu. Lambert alinionyesha. Miaka kumi na tatu nilikuwa nasema, mwaka huu nitaenda kumwambia. Nilikuwa na haya juu ya baiskeli.”

“Baiskeli?”

“Nilikimbia nayo. Niliiuza Barumbu.”

Kasoki aliinuka, akaingia ndani. Walimsikia akitembea huku na huku. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge kingine na kitambaa kichwani.

“Twende unionyeshe,” alisema.

Walikwenda wanne kwa miguu mpaka Makiso. Tanuri la Mgiriki lilikuwa limebadilika mikono mara mbili na sasa lilikuwa ghala la mifuko ya mchele. Nyuma ya ukuta palikuwa na gereji ya malori. Hubert alihesabu hatua kutoka kwenye mfereji, akaonyesha sakafu ya saruji kati ya malori mawili. Mafundi waliacha kazi wakatazama. Colette aliwaeleza kwa sauti ya chini, nao wakavua kofia, na mmoja akasogeza ndoo ya mafuta machafu pembeni.

Kasoki alisimama hapo kwa muda ambao Mwamini alisema baadaye ulikuwa kama wa kupika wali. Kisha alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tatu, akiwa amemshika Colette kwa mikono miwili. Hubert alikaa nje ukutani. Walipotoka, Kasoki alisimama mbele yake.

“Kesho utakuwa wapi?”

“Kama unapenda niende, mama, meli iko.”

“Kesho ninaoka. Mukate yangu haijawahi kuwa muzuri. Weye ulikuwa unafanya kazi ile. Utabaki unifundishe.”

Matanga yalikaliwa usiku ule na siku mbili zilizofuata, na mikate iliokwa katikati yake, kwa sababu tarehe haikuweza kungoja. Asubuhi Kasoki aliandamana na hospitali kama orodha ilivyotaka. Alasiri Hubert alishika unga wa Kasoki, akatikisa kichwa. Alimwambia anakanda mara moja tu wakati inatakiwa mara mbili, na katikati unga uachwe ulale chini ya kitambaa chenye unyevu mpaka kidole kikibonyeza, shimo lijae polepole. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Mikate ilitoka ya rangi ya kahawia na nyepesi. Juma alikula mmoja mzima bila kuuchovya mahali. Citoyen Lifoko aliuliza kama wamebadilisha duka la unga.

Wapo walioona kwamba ingefaa Kasoki amfukuze yule mwanamume, na mmoja alimwambia wazi. Alijibu kwamba alikuwa na hasira naye kwa ajili ya kukaa kimya miaka ile kumi na tatu zaidi kuliko kwa ajili ya ile baiskeli, na kwamba hasira hiyo bado alikuwa nayo. Lakini Hubert alikuja kila Novemba, akipanda mto siku mbili tatu mapema na samaki zake, na kila Novemba alipewa kazi ya moto.

Mwaka 1984 hospitali ilipunguza wafanyakazi, na Kasoki alikuwa kati ya walioondolewa. Jina lake lilitoka kwenye orodha. Asubuhi ya tarehe 24, kwa mara ya kwanza tangu sikukuu ianze, hapakuwa na mahali alipotakiwa kuwa. Alifagia uwanja, akachota maji, na saa tatu akawa hana kazi. Akavaa viatu, akaenda Makiso.

Kwanza alipita kwenye gereji. Ilikuwa imefungwa kwa sababu ya sikukuu. Aliweka kiganja kwenye lango la chuma kidogo, akaendelea mpaka barabara kubwa, akatafuta nafasi kati ya watazamaji. Hakuwahi kuyaona maandamano kutoka upande huo. Walipita watu wa benki, watu wa posta, watu wa hospitali, wenzake wa zamani wakamwona wakapunga mikono. Kisha ikapita shule ya msingi ya Mangobo, na mbele ya darasa la tatu alikuwa Colette, mwalimu sasa, akitembea kinyumenyume ili kuwaongoza watoto katika wimbo.

Alipofika nyumbani Hubert alikuwa ameshawasha moto, na Mwamini alikuwa na unga mpaka viwikoni.

“Ulikuwa wapi? Siye tunakutafuta!”

“Nilienda kuangalia fête.”

“Na ilikuwa namna gani?”

“Ilikuwa muzuri. Batoto ya Colette waliimba muzuri sana.”

Alinawa mikono, akachukua nusu ya unga kutoka kwa Mwamini. Mwaka ule walioka mikate sitini na miwili, na haikutosha.